Feza, Vuka

Harufu ya kitenge kipya kikipigwa pasi ya mvuke bado hunifanya nigeuke kutazama mlango. Juzi nilikwenda kuchukua gauni kwa fundi mmoja huko Malvern. Mashine zilikuwa zikilia, wateja wakibishana kuhusu mikono mipana na mikono mifupi, na fundi alipoweka pasi juu ya kitambaa, ule mvuke ukanifikia puani nikasahau kilichonileta. Nikatazama mlango wake. Ulikuwa umefungwa kwa komeo na mnyororo, kama milango yote ya Johannesburg, na moyo wangu ukatulia. Fundi akaniuliza kama kuna mtu ninayemsubiri. Nikamwambia hapana, nikalipa nikaondoka, lakini njia nzima nilikuwa nikimfikiria Koko, bibi yangu mzaa baba, ambaye sasa hayupo, na kile kiti chake cha plastiki kilichotazama mlango.

Tulikuwa tukiishi La Rochelle, kwenye zile nyumba kuukuu zenye dari ya bati lenye maua na sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mama: cherehani zake, meza ya pasi, na vitenge vilivyopangwa hadi juu. Mlango wake ulifunguka moja kwa moja barazani, na baada ya baraza ni barabara. Papa, baba yangu, alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari mjini, na hata akivua sare aliendelea kututazama kama mtu anayelinda kitu. Vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji. Mmoja wao alikuwa Mama Mwanaidi, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akikaanga vitumbua na kuviuza kwenye kona ya robot, pale magari yanaposimama yakisubiri taa ya kijani.

Kiswahili nilikielewa chote, ila kukijibu nilikijibu nusu. Shuleni ilikuwa Kiingereza darasani na Kizulu uwanjani, na sisi watoto tuliozaliwa huku tulikuwa na ujanja wetu: tunachukua neno la Kizulu tunalivika nguo za nyumbani. Tukicheza, tulisema "tunadlala". Mtu akiondoka, "amehamba". Nyinyi mliokulia huku mnajua ninachosema. Mama Mwanaidi akitusikia alipiga makofi ya mshangao. "Jamani, watoto hawa wanasema lugha gani? Wapelekeni kwa daktari wa meno!"

Alichekea pia jambo jingine. Papa, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akiniita Yaya. Kwetu Kongo yaya ni ndugu yako mkubwa, kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa. Kwa Mama Mwanaidi yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. "Baba anamwita bintiye yaya! Dai mshahara wako, Feza," alikuwa akiniambia. Papa alicheka naye, kisha akaniita hivyo hivyo tena.

Hakuwa akitania. Katika ukoo wetu, mtu akishaondoka duniani jina lake hupewa mtoto, na mtoto akishalipokea hupewa na heshima ya mwenye jina. Feza wa kwanza alikuwa dada mkubwa wa Papa. Kwa hiyo mimi nilikuwa dada mkubwa wa Papa. Nilikuwa na miaka minane na sikuona ajabu yoyote, mpaka nilipoanza kuona jinsi watu wengine walivyokuwa wakinitazama.

Jumapili tulikwenda kusali kwenye ukumbi mmoja wa Rosettenville, karibu na duka la mikate la Wareno, na zaidi ya nusu ya waumini walitoka bonde moja na sisi, kule Uvira, kando ya mto Ruzizi. Watu wale walinisalimu kwa mikono miwili. Mama mmoja alikuwa akinishika mashavu, ananigeuza kwenye mwanga, halafu anamwambia mwenzake, "Angalia macho. Njo yeye," yaani ndiye. Kuna mzee mmoja wa suti ya kijivu aliyechuchumaa mbele yangu baada ya ibada, mimi nikiwa na mkate mdomoni, akasema, "Feza, unisamehe. Nilikuwa mbele, sikugeuka." Sikujua alikuwa mbele ya nini. Shuleni mtu akikuomba msamaha unamwambia "sharp" na mambo yanaisha. Nikamwambia, "Sharp." Yule mzee akacheka, na akiwa bado anacheka machozi yakamtoka.

Hata shule yetu ya Jumapili ilikuwa na kitu. Mwalimu alikuwa akituita majina kabla ya kuanza, kwa sauti, nasi tunaitikia "niko". Watu wazima waliokuwa wakipanga viti nyuma walikuwa wakiacha kazi na kusimama tu. Sikuelewa kwa nini majina ya watoto yawafanye watu wazima wainamishe vichwa. Leo ninajua kwamba karibu kila mmoja wetu pale mbele, na soksi zetu nyeupe na pua zetu zenye mafua, alikuwa akiitikia kwa niaba ya mtu aliyebaki njiani.

Habari yenyewe sikuwahi kusimuliwa. Nikikaribia, watu wazima walikata sentensi katikati. Nilikuwa nimeokota vipande: palikuwa na vita, palikuwa na mto, na Feza alibaki kwenye maji. Nikaviunganisha mwenyewe, na nikapata jibu ambalo lilinikaa muda mrefu. Feza alibaki kwenye maji. Feza ni mimi. Basi mimi niliwahi kufa, nikatolewa majini, na watu hawa wote wanajua ila wanaona haya kuniambia. Nilikuwa nikienda kwenye kioo kikubwa cha wateja wa Mama na kukipulizia pumzi, nihakikishe kwamba bado kinapata ukungu. Na kama hiyo haitoshi, kwa Kizulu feza ni kumaliza, kukamilisha. Mwalimu wangu alipenda kuniuliza mbele ya darasa, "Feza, wewe umekuja kutumalizia nini?" Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nikiwaza kwa dhati kabisa kwamba nimekuja kumaliza maisha ya mtu.

Halafu Koko akaja. Papa alikuwa amehangaika miaka kumleta, na alipofika kwa basi, baada ya kupita nchi sijui ngapi, nilikuwa nimevaa gauni jipya na nywele zimesukwa hadi kichwa kinauma. Nilikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye atakayenikumbatia kuliko wote. Kama mimi ni Feza, basi huyu ni mama yangu.

Papa akanisukuma mbele. "Mama, huyu njo Feza."

Koko alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye kilemba cha kahawia na macho yasiyopepesa haraka. Aliniangalia kutoka viatu hadi kichwani. "Mutoto anafanana na mama yake," akasema, akapita akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo niliitwa Mutoto. Mutoto lete maji, mutoto ondoa kiti. Papa akiniita jina mezani, Koko aliacha kutafuna hadi jina lipite. Nililia chooni, na sioni aibu kusema, maana hakuna kinachouma kama kukataliwa na mtu uliyejipamba kwa ajili yake.

Sababu niliisikia mchana mmoja nikiwa chini ya meza ya pasi, nyuma ya kitenge kilichoning'inia, mahali nilipopenda kujificha. Papa na Koko walikuwa wakizungumza, na pasi ilikuwa ikitoa ule mvuke juu ya kichwa changu.

"Mulimuzika, Byamungu," Koko alisema. Byamungu ni jina la Papa. "Mulimuzika bila maiti, bila kilio, bila kuniuliza."

"Mama, ni miaka mingi."

"Kuko mutu alimuona akitoka mu maji, kule chini. Feza hakukufa. Siku atakuya, utamuita nani? Jina lake mulisha kulipatia mwingine."

Nilisikia sakafu ikilia chini ya viatu vya Papa, akitoka.

Nilibaki pale chini hadi miguu ikafa ganzi. Kwa hiyo sikuwa nimekufa. Hilo lingepaswa kunifurahisha, lakini lililokuja badala yake lilikuwa baya zaidi: mwenye jina yuko hai, yuko njiani, na akifika atalidai. Nami nikishalirudisha jina nitabaki nani? Mutoto tu. Mutoto lete maji.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya mlango. Koko hakutaka ufungwe mchana. Alikuwa ameweka kiti chake cha plastiki katikati ya chumba cha Mama, uso kwa barabara, na kila Mama aliposogea na ufunguo walianza.

"Acha wazi. Akikuya akute mulango imefungwa, atasema hatuko."

"Mama, hapa ni Joburg. Hapa banaiba hata geti yenyewe!"

Wakafikia mapatano: mlango wa mbao ubaki wazi, geti la chuma lirudishwe tu, kufuli lisubiri jioni. Na kila mchana Koko alipakua chakula cha sahani moja zaidi, ugali na sombe, kisamvu chetu, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kwenye kiti tupu karibu na mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jioni sahani ilikuwa ikiondoka. Siku moja niliifunua nikaikuta tupu, imelambwa, na mwili wote ukanisisimka. Nilikuja kujua baadaye kwamba Mama alikuwa akimpelekea kijana anayelinda magari mtaani. Wakati ule nilijua kitu kingine kabisa.

Kulikuwa na mambo mengine madogo ambayo hakuna aliyeyaeleza. Tulikuwa na sufuria moja kubwa ya bati jeupe, yenye masikio mawili, ya kupikia wageni. Koko alipoiona mara ya kwanza jikoni alitoka nje na kukaa barazani hadi jua likazama. Mama hakuuliza. Kesho yake aliiazimisha kwa Mama Mwanaidi, na haikuonekana tena upande wetu.

Na kulikuwa na usingizi wake. Baada ya kula, Koko alikuwa akisinzia pale pale kitini, kidevu kifuani, mikono imelegea kwenye mapaja. Mimi nilikuwa nakaa chini karibu naye nikimshonea Mama vifungo. Midomo yake ingeanza kucheza. Kisha sauti, ya chini lakini kali, sauti ya mtu anayeita kwa mbali.

"Feza. Feza, vuka. Vuka, mwanangu. Vuka."

Nyinyi mnaosoma Kiswahili mmeshaelewa alichokuwa akisema. Mimi sikuelewa. Kwangu vuka lilikuwa neno la shuleni. Kwa Kizulu vuka ni amka. Nikisinzia darasani mwalimu alikuwa akigonga dawati, "Feza, vuka wena!" Kwa hiyo mchana ule wa jua kali, mashine ikilia na watu wakipita barabarani na mikate yao, mimi nilikuwa nikimsikia bibi yangu akimwamsha mtu. Feza, amka. Amka, mwanangu. Na aliyekuwa akiamshwa si mimi. Mimi nilikuwa macho, nimekaa miguuni pake, nina sindano mkononi.

Nikawa namwona, huyo mwingine. Namwona amelala mahali fulani chini ya maji au chini ya udongo, na kila mchana sauti ya Koko inamfikia kidogo zaidi. Anageuka ubavu. Anafungua jicho. Nilikuwa nikihesabu vifungo kwa sauti ili nisisikie, na nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: Koko aniangalie mimi na kuniita Feza, kabla mwenyewe hajaamka.

Ilikuja ile wiki ya maneno. Mtakumbuka wenyewe jinsi ilivyokuwa: ujumbe kwenye simu, video zisizojulikana zimetoka wapi, maduka ya wageni yakishusha milango ya bati mchana kweupe. Walisema watu wanakusanyika, wanakuja mtaa kwa mtaa kuwafukuza wageni. Shule ikasema watoto wabaki nyumbani. Ilikuwa msimu wa upepo, na vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi lilikuwa limefunika kila kitu, magari, majani, hata ulimi ulikuwa na ladha yake. Papa alikuwa kazini, simu yake haipatikani.

Asubuhi hiyo Mama alitaka tuwe tumevaa kabla jua halijatoka, lolote likitokea. Umeme ulikuwa umekatwa, lodi-shedi, kwa hiyo nilioga maji ya baridi peke yangu, meno yakigongana, nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mkubwa sasa. Mama alikuwa akifunga mizigo: vitenge, vyeti, blanketi. Kisha akasimama katikati ya chumba akasema, "Sufuria. Nenda kwa Mama Mwanaidi ulete ile sufuria kubwa, hatuwezi kuiacha." Nikaenda. Mama Mwanaidi alikuwa na tasbihi mkononi, akanionyesha sufuria kwa kidevu. Nikaishika masikio yake mawili, nikaivuta, ikanishinda. Nikaiacha kwenye ujia wa nyuma, nikarudi mikono mitupu, na Mama alikuwa na mengi hata hakuniuliza.

Saa za mchana mtaa ulinyamaza. Sijawahi kusikia La Rochelle imenyamaza hivyo tena. Hakuna mashine, hakuna muziki wa jirani, hata mbwa. Mama akashika ufunguo.

"Leo, Mama, ninakuomba. Leo tufunge."

"Leo zaidi," Koko akasema. Alikuwa ameshakaa kitini, na sahani iliyofunikwa ilikuwa kwenye kiti cha pili. "Leo batu banakimbia. Kama iko njiani, njo leo atakuya."

Mama aliuma midomo. Akarudisha geti la chuma, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari wake, akaniambia nisiondoke pale, naye akatoka akizunguka kwenda vyumba vya nyuma kusikia kama kuna mwenye simu yenye chaji.

Tukabaki wawili. Koko akasinzia. Vumbi lilikuwa likiingia taratibu kupitia geti na kutanda sakafuni, jembamba, na nje mwanga wote ulikuwa wa njano hadi usingejua jua liko wapi. Nilikuwa nimekaa miguuni pake, nimeshavaa viatu.

"Feza," Koko akaita. "Feza, vuka."

Geti likalia.

Nikatazama. Lilikuwa limesogea, si sana, upana wa mtu mwembamba. Hapakuwa na mtu. Kwenye kizingiti palikuwa na vumbi tu linalozunguka.

"Vuka, mwanangu. Vuka."

Na sakafu ikalia. Ule ubao wa kwanza baada ya mlango, ninaijua sauti yake, hulia ukikanyagwa tu. Hadi leo nikiulizwa nasema ni upepo, ni mbao kukauka, na pengine ni kweli. Siku ile sikuwa na shaka. Ameamka. Ameingia. Hatua nyingine na atamgusa Koko bega, Koko atafungua macho, atasema "Feza", na mimi nitakuwa nimekwisha.

Nikawahi. Nikamshika Koko magoti kwa mikono yote miwili nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili changu cha kuchanganya, "Nilishavuka!"

Nilitaka kusema nimeshaamka. Mimi ndiye Feza, niko macho, nilikuwa wa kwanza.

Koko akaacha kupumua. Macho yake yalikuwa yamefumba bado. "Ulivuka?"

"Ndiyo. Kale. Nilishavuka kale."

"Wakati gani?"

"Asubuhi. Jua haikuwa imetoka."

Mikono yake ikatafuta mikono yangu ikaipata. "Maji ilikuwa namna gani?"

Swali lilinishangaza kidogo, lakini nilifurahi kwamba anataka kujua habari zangu. "Baridi. Baridi sana, Koko."

"Na nani alikushika?"

"Hakuna mutu. Peke yangu. Mimi iko mukubwa."

Machozi yalikuwa yakimtiririka chini ya kope zilizofumba, hayana sauti. Nilidhani maswali yameisha. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtoto aliyevunja kitu.

"Na sufuria?"

Nikaogopa nitagombezwa. Nikaona nimwambie ukweli. "Niliiacha. Ilikuwa nzito."

Koko akafungua macho. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu afike niliona kwamba ananiona, mimi, na nywele zangu na jino langu lililong'oka. Sijui kama naweza kueleza uso wake. Ulifunguka.

"Ulifanya muzuri," akasema. "Ulifanya muzuri kuiacha. Ni bati tu."

Akainuka. Akatembea hadi mlangoni, akakanyaga ule ubao nao ukalia, akatazama nje mtaa wote wa njano upande huu na upande ule. Akavuta geti. Akafunga mlango wa mbao, akatoa ufunguo kwenye msumari, akauzungusha. Kisha akachukua ile sahani iliyofunikwa, akaifunua, akaniwekea mapajani.

"Feza," akasema. "Kula."

Nilikula yote. Ugali ulikuwa umepoa na sombe ilikuwa na mchanga wa lile vumbi, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Mama aliporudi akakuta amefungiwa nje, alipiga mlango na kupayuka jina la Yesu hadi wapangaji wote wakatoka.

Watu wale waliotajwa kwenye simu hawakufika mtaani kwetu. Papa alirudi jioni, amechoka, mzima, na Mama akamwambia kwanza habari ya mlango. Akaniuliza mimi ilikuwaje. Nikamsimulia kama ninavyowasimulia nyinyi, kwamba Koko alikuwa akimwamsha Feza na mimi nikamwambia nimeshavuka. Papa akarudia lile neno. Akaniuliza linamaanisha nini kwangu. Nikamwambia, kuamka. Alikaa chini sakafuni na sare yake yote.

Ndipo aliponisimulia, kwa mara ya kwanza, bila kukata sentensi. Ilikuwa alfajiri, jua halijatoka. Walikuwa wakiukimbia upande wa Kongo, na mto Ruzizi ulikuwa mbele yao. Koko alivuka akiwa amembeba Papa mgongoni, akafika ng'ambo, akageuka. Feza alikuwa katikati, maji kifuani, na sufuria yenye unga wao wote kichwani. Koko akampigia kelele: Feza, vuka! Vuka, na usiache sufuria! Watu wakawapita mbele, risasi zikalia, na walipoweza kutazama tena hakukuwa na kichwa wala sufuria.

"Nani alikuambia habari ya sufuria?" Papa aliniuliza. "Mimi sijawahi kuambia mutu. Hata mama yako."

Nikamwambia nilikuwa nikisema ile sufuria yetu, iko kwenye ujia. Akainuka akaenda kuitazama. Hakuigusa.

Kilio kilifanyika Jumapili iliyofuata. Koko mwenyewe ndiye aliyeomba. Walitoa viti, wakatandika mikeka na magodoro, watu wa bonde wakajaa hadi barazani, na yule mzee wa suti ya kijivu akaimba wimbo wa kwanza kwa sauti iliyokatika katikati. Walimlilia Feza kama amekufa jana. Nilikaa kando ya Koko nikisikia jina langu likililiwa na chumba kizima, na nitasema kweli, nywele zilinisimama. Lakini Koko alikuwa amenishika kiganja, na kila jina lilipotajwa alikuwa akikibana kidogo, akinijulisha kwamba sasa tuko wawili na jina linatutosha. Mama alipika kwenye sufuria kubwa. Koko alikula.

Papa hakuwahi kumwambia habari ya neno lile, na mimi sikumwambia. Tulikubaliana kwamba Koko hajui Kizulu hata chembe. Alikuwa hajapita baraza tangu afike.

Kesho yake ilikuwa siku ya shule. Nilikuwa nimejifunika hadi puani, kichwa kizito kwa kilio cha jana. Mlango ukafunguka, nikasikia hatua zake fupi, na mkono ukavuta blanketi. Koko alikuwa amesimama juu yangu, ameshika viatu vyangu vya shule, ameshavipiga rangi.

"Feza," akasema. "Vuka. Utachelewa."

Nilimtazama machoni nijue ni neno gani ametumia, lile la kwao au lile la kwetu, na tangu lini alilijua hilo la pili. Hayakupepesa. Akanyoosha mkono wake ili nishike.

Nikavuka.